Kadogo Ndiko Kenye Teke

Hakuna mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha tatu nchini Kenya ambaye hajakutana na swali la bunduki. Huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile: risasi ya gramu kadhaa imetoka kwenye bunduki ya kilo kadhaa kwa kasi fulani, tafuta kasi ya bunduki kurudi nyuma. Unazidisha, unagawa, unapata alama zako, unafunga daftari. Chepkoilel, kilomita chache kutoka mjini Eldoret kwenye barabara ya Ziwa, ni mahali ambapo watu wamefunzwa kulifundisha swali hilo tangu kilipokuwa chuo cha walimu katika miaka ya 1980, kabla hakijawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi, na kabla hakijasimama chenyewe kama Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013. Mtu angetarajia, basi, kwamba hapa ndipo imani ya bastola ndogo ingekuwa imezikwa mapema. Wapi!

Imani yenyewe husemwa hivi. Bastola ndogo ni ya mkono mdogo na ya mtu anayeanza. Ni nyepesi, haisumbui, haina vishindo. Kubwa ni ya askari na ya mwanamume aliyekwisha kuzoea. Anayejifunza apewe kadogo, mkono ukikomaa apandishwe ngazi. Utaisikia kwenye vibanda vya chai, utaisikia kwa mume anayemchagulia mkewe silaha, na, jambo linaloudhi zaidi, utaisikia upande wa pili wa kaunta, kwa muuzaji anayesukuma kisanduku mbele ya mteja: "Hii hata haina uzito, mama. Itakufaa." Ni kweli haina uzito. Hapo ndipo matata yanapoanzia.

Msimamo wangu ni huu: risasi ikiwa ile ile, bastola ndogo na nyepesi hupiga teke kali kuliko kubwa na nzito, ni ngumu zaidi kuilenga, ni ngumu zaidi kuikoki, na humfundisha anayeanza tabia ambazo itamchukua muda mrefu kuziacha. Kadogo ni silaha ya fundi. Kumpa mwanagenzi ni kumwonea.

Simshawishi mtu anunue bastola. Wenye leseni za kiraia nchini ni wachache mno ukilinganisha na Wakenya zaidi ya milioni 47 waliohesabiwa mwaka 2019, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikuandikwa ili kila mtu atembee na chuma kiunoni. Kama huna leseni ya Bodi ya Leseni za Silaha, makala haya hayakuhusu ila kwa njia moja: risasi inayomponyoka mtu asiyeweza kuidhibiti bastola yake haiulizi nani ana leseni. Inapita, na wewe unaweza kuwa pale nyuma kwenye foleni ya matatu. Kwa hiyo uchaguzi mbaya wa watu wachache hauwahusu wao peke yao.

Sasa, watu wenye akili timamu wameipata wapi imani hii? Sidhani ni ujinga. Nyanda hizi za Uasin Gishu zimeishi na bunduki muda mrefu. Makaburu waliofika hapa mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe walikuja na bunduki ndefu za kuwindia. Walowezi waliofuata walifuga na kulima ngano huku gobori au bunduki ya marisau ikining'inia ukutani. Baadaye wakaja polisi wa akiba na .303 zao za Kiingereza, chuma na mbao kilo nne, ambazo wazee wa bonde la Kerio wanazikumbuka vizuri. Aliyezishika bunduki hizo alirudi na alama begani na hadithi mdomoni. Bunduki ya marisau hupiga bega hadi meno yakagongana. Kwa hiyo mtu amekua akijua kwamba mguu mkubwa wa chuma una teke kubwa, akahitimisha mwenyewe kwamba ule mdogo una teke dogo. Hitimisho limekosea kitu kimoja tu. Bunduki ile haikumpiga bega kwa sababu ni kubwa. Ilimpiga kwa sababu ilikuwa imelishwa baruti nyingi na vichwa vizito vya risasi. Ukubwa wake ndio uliomwokoa. Laiti marisau yale yale yangefyatuliwa kutoka kwenye chuma cha kilo moja, hadithi angeisimulia daktari wa mifupa.

Kuna chanzo kingine ambacho hapa kwetu hakisemwi. Chepkoilel na viunga vyake ni nchi ya wakimbiaji, na bastola pekee ambayo raia wengi wa huku wamewahi kuisikia ikilia kwa karibu ni ya kuanzishia mbio. Mwanzishaji huinua mkono mmoja, kidude kinalia, mkono hautikisiki, wanariadha wanaondoka. Ukiangalia hivyo mwaka baada ya mwaka unajenga picha ya bastola kama kengele yenye moshi. Lakini bastola ile haina kichwa cha risasi. Hakuna kilichosukumwa mbele, kwa hiyo hakuna cha maana kinachorudi nyuma. Na sinema imemalizia kazi: shujaa anafyatua kwa mkono mmoja, akikimbia, risasi zisizo na vichwa, na bastola imetulia kama rimoti ya televisheni.

Turudi kwenye daftari. Chukua risasi ya kawaida ya milimita 9, ile ambayo Georg Luger aliiunda Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo sasa imeenea duniani kote. Kichwa chake kina gramu 8 hivi. Kikitoka kwenye mtutu wa bastola ya ukubwa kamili huwa na kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Zidisha: 0.008 mara 350 ni 2.8. Hiyo ndiyo momenta, na Newton hana huruma: risasi ikiondoka na 2.8 kwenda mbele, bastola inapata 2.8 kurudi nyuma. Sasa gawa kwa uzito. Ceska, ambayo jina lake halikosi kwenye taarifa za polisi wetu, tuseme CZ 75 ya chuma, ina kilo moja hivi bila risasi. Inarudi kwa mita 2.8 kwa sekunde, na nishati ambayo mkono unapaswa kuimeza ni juli 3.9.

Weka risasi hiyo hiyo kwenye bastola ndogo ya plastiki yenye nusu kilo, zile za kutiwa kwenye mkoba. Mtutu wake ni mfupi, kwa hiyo risasi inatoka na kasi pungufu kidogo; tuipunguzie hadi mita 325. Momenta ni 2.6. Gawa kwa 0.5: bastola inarudi kwa mita 5.2 kwa sekunde, na nishati inafika juli 6.8. Mtutu mfupi umepunguza nguvu ya risasi, na bado mkono umepigwa zaidi ya mara moja na nusu. Atakayesema nimesahau gesi za baruti zinazotoka mtutuni amesema kweli, na zikiongezwa zinapandisha takwimu zote mbili. Uwiano haumnusuru mwenye kadogo.

Muuzaji mwerevu atakwambia basi tuchukue kadogo ka risasi ndogo. Ndiyo, kuna .380, milimita 9 fupi, na kuna bastola kama Ruger LCP ambayo ina gramu 270 hivi, nyepesi kuliko simu mbili. Kichwa cha gramu 6.2 kikitoka kwenye mtutu ule mfupi kwa mita 260 kwa sekunde kinaleta momenta ya 1.6. Hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya Ceska. Gawa sasa kwa 0.27: karibu mita 6 kwa sekunde! Nishati, juli 4.8. Yaani umepunguza risasi karibu nusu, na bado mkono wa mwanagenzi unapigwa kuliko mkono wa askari aliyeshika Ceska na risasi kamili. Hesabu hii ningependa iandikwe kwa chaki ukutani kwenye kila duka la silaha nchini.

Hata ile .303 ya wazee inatoa ushahidi. Kichwa chake cha gramu 11 na ushei huondoka kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde, lakini bunduki ya kilo nne inarudi kwa mita 2 hivi kwa sekunde, na hata ukiongeza gesi haifiki 3. Husukuma kwa nguvu nyingi, lakini polepole, na inasukuma bega na mwili mzima ulio nyuma yake. Bastola ya nusu kilo inakuja kwa kasi ya mara mbili yake, na kinachoingoja ni kiganja na kifundo cha mkono. Mwili wa binadamu huvumilia msukumo kuliko kofi.

Dereva wa lori la mahindi anayetoka Ziwa kwenda kwenye maghala ya Eldoret analijua jambo hili bila kalamu. Lori likiwa limejaa, mashimo ya barabarani yanamezwa na uzito. Likirudi tupu linarukaruka na usukani unapigana na mikono yake. Shimo ni lile lile.

Lakini teke peke yake lisingenifanya nichukue kalamu. Mkono mzima wa mtu mzima unaweza kumeza juli 7 na usivunjike. Kibaya zaidi ni yale yanayofuatana na udogo, ambayo mteja haambiwi.

Anza na mpini. Kwenye bastola ya ukubwa kamili vidole vitatu vinauzunguka mpini na kiganja cha pili kinapata nafasi ya kujaza upande wa pili. Kwenye kadogo kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, na kile cha katikati kinagombea nafasi na chuma cha kifyatulio. Nguvu ile ile, au kubwa zaidi, sasa inatua kwenye eneo dogo la ngozi, katikati ya dole gumba na shahada, ndiyo maana watu hutoka uwanja wa shabaha wakijisugua hapo. Na kwa kuwa mtutu uko juu ya mkono, bastola hairudi nyuma tu, inainuka pia, ikizunguka juu ya kifundo. Mpini mfupi haukupi mkono wa kuzuia mzunguko huo. Risasi ya kwanza inaweza kwenda ulikolenga. Ya pili inatoka wakati mdomo wa bastola bado unatafuta njia ya kurudi chini.

Kisha kukoki. Watu hudhani kitu kidogo kinavutika kwa urahisi. Kwenye bastola zinazojijaza zenyewe ni kinyume. Kipande cha juu, slaidi, hutakiwa kurudi nyuma kikiwa na uzito wa kutosha kupunguza kishindo cha risasi. Kikiwa chepesi na kina safari fupi, fundi hana budi kuweka springi kali ili ifanye kazi ambayo uzito ungeifanya. Springi hiyo kali ndiyo anayokutana nayo yule yule aliyeambiwa kwamba kadogo kanafaa vidole dhaifu. Nimeona watu wazima wakiishindania slaidi ya bastola ndogo, na katika kushindana huko mdomo wa bastola unageuka pembeni, unawapitia waliosimama jirani, wakati mwingine unapitia mkono wa kushoto wa mwenyewe. Bastola yenye mtutu wa sentimita 7 inageuzwa bila mtu kujua ameigeuza. Mkufunzi yeyote anayesimama nyuma ya mstari anajua kwamba hapo ndipo moyo unapomwenda mbio, si wakati wa kufyatua.

Rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ile ndogo ya risasi tano, haina slaidi, na mabingwa wa imani tunayoibishia hukimbilia huko. Haijamu, haina springi ya kushindana nayo, mama anaiweka mkobani na kusahau. Lakini ukiibana bila kuivuta nyundo kwanza, kifyatulio chake hudai nguvu ya kilo 5 hivi, na chuma chenyewe, ikiwa ni zile nyepesi za aluminiamu, kina gramu 400 na kidogo. Fikiria kidole kinachovuta kwa nguvu ya mara 12 ya uzito wa kitu kizima, huku mkono ukitakiwa kukishikilia kisisogee hata unywele. Ceska iliyokwisha kokiwa inadai kilo 2 hivi kwa chuma cha kilo moja. Mwanagenzi aliyepewa ile ndogo atalikosa bango zima kabla teke halijafika, kisha teke limfikie.

Na kuna macho. Kulenga ni kupanga alama mbili, ya nyuma na ya mbele, juu ya shabaha. Alama zikiwa zimeachana kwa sentimita 16, kosa la milimita moja katika kuzipanga linaipeleka risasi kando kwa sentimita 6 hivi ukiwa mita 10. Zikiachana kwa sentimita 10 tu, kosa lile lile la milimita moja linaipeleka sentimita 10. Mtu aliyezoea atasema hilo halina neno, kosa la milimita moja halifanyi. Anayeanza hulifanya kila mara.

Yote hayo yanaishia mahali pamoja, kwenye kushtuka, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo madhara ya kudumu yanapofanyika. Mwili hujifunza haraka kuliko kichwa. Ukipigwa kiganjani mara tano au sita, na kila pigo likija na mwanga na mlio mkali (mtutu mfupi huacha baruti imalizie kuungua nje, usoni mwako), mwili unaanza kujitetea mapema. Sehemu ndogo ya sekunde kabla kidole hakijamaliza kuvuta, mkono unasukuma mbele na chini kuupokea mshindo ambao haujaja. Macho yanafumba. Risasi inakwenda chini. Mwanafunzi anaangalia karatasi, anaona matundu yote yako chini ya shabaha, anaamua kwamba bastola ina kasoro, au alama zimepinda, au yeye hana kipaji.

Dawa ya kuyaonyesha haya ni ya zamani na haina gharama. Mkufunzi anachanganya risasi bandia katikati ya zile za kweli bila mwanafunzi kujua ziko wapi. Ikifika ile ya bandia, nyundo inagonga, hakuna mlio, na wote waliosimama wanaona mdomo wa bastola ukizama chini peke yake kana kwamba umevutwa kwa uzi. Anayeshtuka huona haya. Hana sababu, mwili wake umefanya kile mwili wowote wenye akili ungefanya ukipigwa. Swali la kuuliza ni nani aliyeamua kumpiga.

Mwanagenzi aliyeanza na bastola nzito ya .22 hapati kitu cha kukimbia. Kichwa cha gramu 2.6 kwa mita 320 kwa sekunde, ndani ya chuma cha kilo moja, kinarudisha bastola kwa chini ya mita moja kwa sekunde. Nishati haifiki nusu juli. Mkono unabaki pale ulipowekwa, jicho linabaki wazi, na mtu anaiona alama ya mbele ikipanda na kushuka. Anajifunza kushika, kulenga na kubana kidole bila hofu kumkatiza. Anatumia risasi nyingi kwa fedha kidogo. Akija kushika milimita 9 ya ukubwa kamili, tayari ana kitu cha kukilinda.

Sasa la wanawake, maana imani hii ina jinsia. Mume akijichagulia anachukua ya ukubwa kamili, raundi 15, anaipima mkononi na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Akimchagulia mkewe anakwenda kwenye kabati la vidogo, na kama kuna chenye rangi ya waridi hicho ndicho. Anaamini amemhurumia. Kwa hesabu za hapo juu amejipa yeye teke dogo na kumpa mkewe lile kubwa, yeye alama ndefu na mkewe fupi, yeye springi laini na mkewe kali. Mkewe akienda uwanjani mara mbili akarudi na ngozi iliyochubuka, na kusema hataki tena kukiona kitu kile, mume anaeleza kwa marafiki kwamba wanawake hawaziwezi silaha.

Agosti 2024 mji huu ulikesha mbele ya televisheni kumtazama Beatrice Chebet akichukua dhahabu mbili Paris, mita 5,000 na 10,000. Waliowasha siku chache mapema, wakati wa michezo ambayo hatuifuatilii, waliwaona wanawake wawili wa Korea Kusini kwenye bastola ya hewa ya mita 10: Oh Ye-jin akapata dhahabu, na Kim Ye-ji, ambaye picha zake zilizunguka dunia nzima kwa utulivu wa uso wake, akapata fedha. Bastola za mchezo ule hufyatua kichembe cha risasi cha nusu gramu hivi. Hakuna teke la kuzungumzia. Kanuni zinaruhusu bastola hadi gramu 1,500. Wangetaka wepesi wangejichongea kitu cha gramu 300, na hakuna kanuni ya kuwazuia. Wanatumia bastola za kilo moja hivi, kwa mkono mmoja ulionyooshwa, kwa sababu uzito hutuliza mkono hata pale ambapo hakuna teke la kuzuia. Hao ni wanawake, na mikono yao si mikubwa kuliko ya binti yeyote anayevuka lango la Chepkoilel asubuhi.

Hoja moja ya wapinzani wangu ina haki yake. Kuna mikono ambayo haiufikii mpini mnene. Bastola nyingi za kisasa hupanga risasi safu mbili kwenye magazini, mpini unanenepa, na mwenye vidole vifupi analazimika kuuzungusha mkono ili shahada ifike kwenye kifyatulio. Akifanya hivyo, teke halisukumi mkono uliopangwa sawa na mfupa wa mkono wa mbele, linasukuma pembeni, kwenye dole gumba. Huyo kubwa itamtesa kweli. Lakini kipimo chake ni unene wa mpini na umbali wa kifyatulio. Urefu na uzito wa bastola havijaingia hapo. Kuna bastola nzito zenye mpini mwembamba. Ile 1911 ya John Browning ina kilo 1.1 na risasi zimepangwa safu moja, na ipo pia inayotengenezwa kwa milimita 9. Na bastola nyingi za siku hizi huja na vipande vya mgongo wa mpini vinavyobadilishwa. Mtu apimwe mkono, kama anavyopimwa mguu akinunua viatu vya kukimbilia Iten. Muuzaji anayeruka kutoka "mkono wako mdogo" hadi "chukua bastola ndogo" amechanganya mambo mawili, na mara nyingi ni kwa sababu ile ndogo ndiyo iliyomlalia dukani.

Wala sisemi kubwa yoyote ni bora. Kuna bastola za kilo 2 zilizojengwa kwa risasi za kuangusha mnyama, na kumpa mwanagenzi hiyo ni utani mbaya ambao watu huufanya ili wapate video ya kucheka. Uzito unasaidia risasi ikibaki ya kiasi. Na mwenye ugonjwa wa viungo, au aliyevunjika kifundo cha mkono, anaweza kushindwa kuinua kilo moja kwa dakika nyingi. Huyo apewe mazoezi mafupi, akae, aweke mikono mezani juu ya mfuko wa mchanga, na aendelee na .22.

Kuna jambo linaloihusu Eldoret yenyewe na ambalo wapenda vidogo hawalifikirii. Kiwanda cha risasi kilichojengwa hapa katika miaka ya 1990 kilisaidiwa na kampuni ya FN ya Herstal, Ubelgiji. Browning alifia kwenye karakana za kampuni hiyo mwaka 1926, akiacha kazi ambayo Dieudonné Saive aliimalizia hadi ikawa Hi-Power ya mwaka 1935: chuma kitupu, karibu kilo moja, risasi 13 za milimita 9, mpini ambao mikono ya majeshi mengi ya dunia iliukubali kwa zaidi ya nusu karne. Majeshi hufundisha maelfu ya watu ambao hawajawahi kushika bastola, wakubwa kwa wadogo, na hayana muda wa kubembeleza. Yangeona kwamba kadogo humfunza mtu haraka, yangenunua vidogo. Yalinunua chuma cha kilo moja.

Imebaki hoja yao ya mwisho, na ndiyo yenye nguvu. Wanasema: mwenye leseni Kenya anatakiwa silaha yake isionekane, si ya kutembea nayo nje ya shati kama kwenye filamu. Ceska ya kilo moja haifichiki chini ya blauzi. Kama mwishowe atabeba kadogo, ajifunze na kadogo tangu siku ya kwanza. Akijifunza na nyingine atakuwa mgeni kwa silaha yake siku ya hatari.

Nakubali nusu ya kwanza. Kadogo kazi yake ni kufichika, na fundi aliyekatengeneza alijua anachouza: alikata mtutu, akakata mpini, akapunguza chuma, na kila alichokata alimwachia mwenye kukabeba alipe kwa ustadi. Ndiyo sababu hasa hakafai kuwa ka kwanza. Stadi zenyewe, kushika, kupanga alama, kubana kidole bila kushtuka, ni zile zile kwenye bastola zote, zinahama nawe. Kushtuka nako kunahama nawe. Anayeanza na kadogo atakubeba kushtuka kwake hadi kwenye kila bastola atakayoishika. Basi aanze na .22 nzito hadi matundu yakae pamoja, aende milimita 9 ya ukubwa kamili hadi risasi bandia isizamishe mdomo wa bastola, halafu kile atakachobeba kiletwe: risasi kumi hivi mwanzoni mwa kipindi, mkono ukiwa haujachoka, kisha kubwa irudi kumalizia. Miezi kadhaa itapita. Wengi wakifika hapo na kulinganisha karatasi zao mbili huacha kukitaka kile cha gramu 270, wakachukua ya ukubwa wa kati, kama Glock 19 yenye gramu 600 na ushei, na kununua koti pana kidogo.